Nimewekewa dau la dola 1,800 kwa domeni yangu. Nichukue au nipandishe?

#1 MwanaKirumba
Wakuu habari za jioni.

Niende kwenye mada. Mwaka 2014 nikiwa chuo nilisajili domeni (anwani ya tovuti) ya .com, neno moja la Kiswahili, herufi sita, linahusu usafirishaji. Nilikuwa na ndoto ya kutengeneza tovuti ya kuwakutanisha wenye malori na wenye mizigo. Ndoto ikafa, jina likabaki. Kila Machi nalipia, siku hizi inagonga kama dola 15. Kuna mwaka nusura linipotee, kadi iligoma na mimi nilikuwa msibani Ukerewe, mtandao wa kutafuta juu ya jiwe.

Juzi usiku imeingia imeili. Jamaa anajitambulisha ni dalali, ana mteja asiyetaka kujulikana, wako tayari kutoa dola 1,800, nijibu ndani ya siku saba. Anwani yenyewe si ya kampuni, ni ile ya bure.

Kwa hela yetu ni milioni nne na ushee. Nina nyumba Kisesa imeishia kwenye linta, mama watoto ameshapiga hesabu ya bati. Mimi roho inasita. Kama anaanza na 1,800, mfukoni ana ngapi? Na nikitaja kubwa akakimbia je?

Jina silitaji, msiniulize. Wajuzi naombeni mwongozo.

#2 Ngoja Waje
Ngoja waje.

#3 Kipara Ngoto
Yaani umekuja kuturingishia tu. Mtu ana dola 1,800 mkononi anauliza wenzie walioshindia mihogo.

#4 Dalali wa Kibada
Mkuu mimi nauza viwanja, domeni sizijui, ila wanunuzi nawajua. Hakuna mnunuzi anayefungua na bei yake ya mwisho. Hayupo. Mtu akifika saiti akasema "nina milioni nane", jua nyumbani na mkewe walishakubaliana kumi na mbili. Mpige 10,000 mkutane njiani.

Na ukitaja bei mtu akakubali palepale bila hata kukohoa, siku hiyo hulali. Nimeona mzee mmoja ameuza robo eka, mteja kasema sawa, mzee akaanza kulia pale pale saiti.

#5 Fundi Seva
Kabla ya bei, kuna kitu cha kuangalia. Je, amekwambia lazima ulete "cheti cha tathmini" ya jina kutoka tovuti fulani? Kama bado, subiri imeili ya pili. Ni mchezo wa siku nyingi: anakupa dau tamu, halafu anasema mteja wake anataka cheti, anakuelekeza pa kukinunua kwa dola mia na kitu. Ukishalipa, mteja anayeyuka. Tovuti ya cheti ni yake mwenyewe.

Ukiona neno "cheti", funga kompyuta ukalale.

#6 MwanaKirumba
#5 hajagusia cheti. Alichouliza tu ni kama mimi ndiye mwenye mamlaka ya kuuza. Kinachonishangaza imeili yangu ameitoa wapi? Nikitafuta jina kwenye WHOIS, lile daftari la mtandaoni la wenye domeni, taarifa zangu hazionekani.

#7 Fundi Seva
Zimefichwa tangu Mei 2018, ile sheria ya faragha ya Ulaya ilipoanza kazi. Ila wewe ulisajili 2014, kipindi hicho jina, simu, imeili, vyote vilikuwa nje nje. Kuna kampuni zilikuwa zinavikusanya na kuviuza. Mtu anayelipia kumbukumbu za zamani anakupata kwa dakika mbili. Maana yake huyo si mtu wa kubahatisha, ana vifaa vya kazi.

#8 Hesabu Kali
Napingana na #4 kwa heshima zote. Kiwanja cha Kibada kina watu wanaozunguka na bodaboda kila Jumamosi kukitafuta. Domeni ya neno la Kiswahili ina mnunuzi mmoja, na huyo mmoja amekuja baada ya miaka kumi na zaidi. Wafanyabiashara wenyewe wa majina husema ukiwa nayo 100, kwa mwaka unauza moja au mawili. Wewe unalo moja.

Dola 1,800 gawanya kwa 15 unapata 120. Yaani anakulipa ada ya miaka 120. Chukua, ezeka.

#9 Nipo Muscat
Nami nina kisa. 2016 nilikuwa na jina la mambo ya chakula, .com pia. Kaja mtu na dola 400. Nilikuwa na shida ya tiketi ya kwenda nyumbani Tanga, sikubishana hata kidogo, nikapokea. Wiki iliyofuata nalifungua jina langu nakuta bango, "linauzwa", dola 6,000. Nilijisikia vibaya, acha kabisa. Yule hakuwa na mteja wala nini, ni mchuuzi kama wachuuzi wengine.

Kwa hiyo usikubali la kwanza.

#10 Hesabu Kali
Dada #9, na lile bango la 6,000 liliondoka lini?

#11 Nipo Muscat
Mara ya mwisho kuchungulia ilikuwa 2021. Bado lilikuwepo.

#12 Hesabu Kali
Asante. Sina la kuongeza.

#13 Nipo Muscat
Hujashinda, maana mie ningeomba 800 angetoa. Mchuuzi anayepanga kuuza 6,000 hashindwi kununua kwa 800. Wewe unahesabu 6,000, mie naililia hiyo 400 ya katikati.

#14 Kipara Ngoto
Watu mnawaza mihogo. Voice.com iliuzwa dola milioni 30 kwa Facebook baada ya mwenyewe kukataa kataa. MwanaKirumba kataa mpaka akuletee helikopta.

#15 Fundi Seva
Milioni 30 ni kweli, Facebook si kweli. Ilikuwa 2019, muuzaji MicroStrategy, mnunuzi Block.one. Facebook wenyewe waliwahi kulipa dola 200,000 mwaka 2005 kupata facebook.com, maana walianza na "the" mbele. Na Tesla walikaa na teslamotors.com miaka mingi kabla ya kuipata tesla.com, Elon Musk mwenyewe alisema iliwagharimu kama dola milioni 11.

Lakini mifano hii inapotosha. Ni sawa na kumwambia muuza mchicha kuna Mtanzania aliokota tanzanite ya mabilioni. Ni kweli yupo, ila wewe nenda na mchicha wako sokoni.

#16 wakili_wa_kijiweni
Naingia hapa kwa sababu hakuna aliyegusa hatari ya kutaja bei.

Kuna kijana Mkanada aliitwa Mike Rowe. Akasajili MikeRoweSoft.com, jina lake na "soft" mwishoni, ukilitamka unasikia Microsoft. Mwanzoni mwa 2004 dunia nzima ilikuwa inamcheka Microsoft kwa kumfuata mtoto wa shule. Mawakili walimpa dola 10, gharama ya kusajili. Yeye kwa hasira akajibu 10,000. Ile 10,000 ndiyo waliyoishika: oneni, huyu nia yake ilikuwa kutuuzia.

Kuna utaratibu wa ICANN, wasimamizi wa domeni duniani, tangu 1999 unaitwa UDRP. Mwenye alama ya biashara anaweza kukunyang'anya jina akithibitisha mambo matatu: jina linafanana na alama yake, wewe huna haki wala maslahi halali nalo, na ulilisajili na unalitumia kwa nia mbaya. Yote matatu, siyo moja. Sasa swali kwa mtoa mada: mnunuzi ana alama iliyosajiliwa kabla ya 2014?

#17 Kipara Ngoto
Na huyo dogo alipewa 10,000 yake?

#18 wakili_wa_kijiweni
Hapana. Walimalizana nje, jina akaachia, akaambulia Xbox na vitu vingine vidogo vidogo.

#19 Kipara Ngoto
MwanaKirumba omba Xbox.

#20 Jirani wa Umoja
Salamu kutoka Nairobi. Wakili #16 asiwatishe watu bure. Kuna mzee Marekani, North Carolina, jina lake la ukoo ni Nissan. Alisajili nissan.com mwaka 1994 kwa biashara yake ya kompyuta. 1999 kampuni ya magari ikamshtaki, wanadai dola milioni 10. Wamesumbuana mahakamani miaka na miaka, jina likabaki lake mpaka alipofariki 2020. Ukiwa na sababu halali ya kulishika jina, hata mkubwa atachoka.

Na jina la kwanza la huyo mzee, naomba msicheke, ni Uzi. Uzi Nissan.

#21 Kipara Ngoto
Sina mbavu. Mods badilisheni kichwa cha uzi kiwe Uzi.

#22 wakili_wa_kijiweni
#20 uko sahihi, ila ongezea kwamba kesi ilimla fedha na umri. Kushinda kwa namna ile na kuuza kwa 1,800 ukaezeka, mimi sijui nani kashinda.

#23 Mpemba Mtandaoni
Asalaam aleykum. Mie nina suala dogo. Kwenye Kiswahili sanifu wanasema "kikoa", nyinyi nyote mwasema domeni. Kwetu kikoa ni chakula cha kuchangia, leo kwangu kesho kwako, mnakula pamoja kwa zamu. Sasa mtu akinambia ameuza kikoa, mie naona ameuza sinia la wenziwe.

#24 Dalali wa Kibada
Hahaha. Tukiuza hiki tutachangia sinia mkuu. Turudi kwenye mada.

#25 MwanaKirumba
Nimerudi. Kuna jambo nilisahau kusema. Novemba kuna mwingine aliniandikia akiwa na dola 250, nikampuuza. Jina tofauti, ila imeili zote mbili zimeanza kwa sentensi ile ile neno kwa neno.

Pia nimeangalia: .co.tz ya neno langu imesajiliwa Agosti, na .co.ke imesajiliwa wiki hiyo hiyo. BRELA, wasajili wa makampuni hapa TZ, kuna kampuni yenye neno langu na neno lingine mbele, ya mwaka jana. Kwa hiyo wakili, hakuna wa kabla ya 2014.

#26 Dalali wa Kibada
ULISAHAU? Mtu kapanda kutoka 250 mpaka 1,800 bila wewe kufungua mdomo, unasema ulisahau? Amejipandisha mara saba mwenyewe! Huyo ana haja. Sasa ukikubali 1,800 nakufungia nisikujibu tena.

#27 Jirani wa Umoja
Kumbe ni kampuni changa ya hapa kwetu ukanda huu. Imechukua .co.tz na .co.ke wiki moja, ina maana wanapanga nchi mbili, na wawekezaji wao watauliza mbona hamna .com. Wa Nairobi hao, nawajua. Wakipata pesa ya mwekezaji wanatoa hata 8,000. Ila kabla hawajapata wanakula chapati dengu kama sisi. Swali ni wako hatua gani.

#28 Hesabu Kali
Au mchuuzi mmoja kaona kampuni imesajiliwa, akawahi .co.tz na .co.ke, sasa anatafuta .com awauzie fungu zima. Hamjui. Ushahidi huo huo unatosha hadithi zote mbili.

#29 wakili_wa_kijiweni
Niongeze hadithi ya tatu. Kufungua shauri la UDRP pale WIPO, shirika la dunia la miliki ubunifu, jina moja na mwamuzi mmoja, ada ni dola 1,500, bado malipo ya wakili. Dau lako ni 1,800. Mimi nikiwa wakili wa kampuni, ndivyo ningemshauri mteja: mpe kiasi kinachozidi kidogo ada ya kesi, akikataa tutishie. Tishio tu, maana kwa jina la 2014 na neno la kawaida la kamusi kesi hawana.

#30 Fundi Seva
Na ya nne: anasubiri Machi. Anajua tarehe, ile haijafichwa. Kadi ikigoma tena ukiwa msibani, jina linaingia kipindi cha rehema, halafu ukombozi siku 30 kwa faini, halafu siku tano, linaachiwa, anadaka. Leo hii lipia mbele, .com inaruhusu mpaka miaka kumi. Na usilihamishe kwenda msajili mwingine sasa hivi, linaweza kufungwa siku 60 na mauzo yakakwama.

#31 MwanaKirumba
Nimelipia miaka miwili. Sasa nimeandika rasimu ya jibu, nimeitafsiri hapa:

"Ndugu, asante kwa dau lako. Jina hili nimelitunza kwa upendo tangu nikiwa mwanafunzi na lina historia ndefu kwangu. Kwa sasa ninajenga na bei ya vifaa imepanda sana hususan bati. Ningependa kama ungeweza kufikiria kuongeza walau ifike dola 5,000, lakini tunaweza kuzungumza kwani mimi si mtu mgumu."

#32 Kipara Ngoto
"Mimi si mtu mgumu." Mungu wangu.

#33 Dalali wa Kibada
Futa bati. Futa upendo. Futa mtu mgumu. Ukishamwambia unajenga, ameshajua una njaa, hapo hatoi hata senti juu. Mistari miwili tu: asante, bei yangu ni dola 7,500. Nukta. Ukimaliza zima simu.

#34 Nipo Muscat
Mie ningesema usitaje bei kabisa. Mwandikie "dau liko chini, rudi na lingine". Kashajipandisha mwenyewe mara moja, atajipandisha tena. Ukitaja 7,500 na kumbe angetoa 12,000?

#35 Hesabu Kali
Na kumbe mwisho wake ni 2,000? "Rudi na lingine" ni mchezo wa mtu mwenye majina mia. Mwenye moja ataje bei iliyo na mantiki, 3,500, ili mtu aone mlango uko wazi.

#36 wakili_wa_kijiweni
Chochote utakachoandika, usiitaje ile kampuni ya BRELA. Usimwambie "najua wewe ni fulani". Kwako ni ujanja, kwa mwamuzi ni ushahidi kwamba unamlenga mwenye jina.

#37 Jirani wa Umoja
Malipo je? Huku tunapokea PayPal na kuishusha M-Pesa, nyinyi huko TZ akaunti ni ya kutuma tu. Na hata ungeweza, PayPal kwa domeni usikubali: mnunuzi anaweza kudai pesa yake irudi na jina ameshalichukua. Tumia Escrow.com au mwingine wa aina hiyo. Mnunuzi anaweka pesa kwao, wewe unakabidhi jina, akithibitisha amelipata ndipo wanakutumia benki. Mkubaliane mapema nani analipa ada yao.

#38 binti_kizota
Nimesoma wote. Mbona hamna aliyeuliza mama watoto anasemaje? Yeye ndiye anayeishi kwenye nyumba ya kupanga huku linta inanyeshewa. Milioni nne leo ni bati. Milioni kumi ya mwakani ni hadithi ya uzi.

#39 MwanaKirumba
#38 yeye anasema chukua. Tena ameniuliza: hilo jina linalala chumba gani?

Nimetuma. Dola 4,900, mistari miwili, hakuna bati.

#40 Ngoja Waje
Nimekaa hapa.

#41 MwanaKirumba
Siku ya tisa kimya. Naamka saa nane usiku naangalia simu.

#42 Hesabu Kali
Sitasema kitu.

#43 Dalali wa Kibada
Kimya ni sehemu ya biashara. Mimi nina mteja alipotea miezi minne akarudi na bulungutu. Usimtafute, ukimtafuta umekwisha.

#44 Fundi Seva
Au imeili yako imeingia kwenye takataka. Umemtumia mtu usiyemjua ujumbe wa mistari miwili wenye alama ya dola, vichujio vinaupenda sana huo. Mtumie tena mara moja tu, ule ule.

#45 Dalali wa Kibada
Usimtumie!

#46 MwanaKirumba
Sikumtumia, kajibu mwenyewe leo. "Mteja wangu anasema 2,400, bei ya mwisho, mpaka Ijumaa." Na kaongeza kwamba wana jina mbadala wanaloliangalia.

#47 Kipara Ngoto
Mia sita imepatikana kwa mistari miwili. Mstari mmoja mia tatu. Andika shairi.

#48 Hesabu Kali
Chukua. Safari hii nakuomba kama ndugu.

#49 Nipo Muscat
"Bei ya mwisho mpaka Ijumaa" ndivyo wanavyosema wote. Ijumaa ziko nyingi. Mwambie 3,500.

#50 wakili_wa_kijiweni
Jina mbadala linaweza kuwa kweli. Wakiongeza neno la mbele kama walivyofanya BRELA, .com ya maneno mawili wataipata kwa dola kumi na kitu. Hapo ndipo bei yako inapoishia, si kwenye mfuko wao.

#51 Dalali wa Kibada
Wakili, wangekuwa wanaitaka hiyo ya dola kumi wangeshaichukua Agosti.

#52 Ngoja Waje
Leo Ijumaa. Mkuu?

#53 Ngoja Waje
Mkuu MwanaKirumba?

#54 Mfukua Makaburi
Samahani kwa kufukua, miezi saba imepita. Nina dau la dola 900 kwa jina langu na nimesoma uzi wote. Iliishaje hii?

#55 Kipara Ngoto
Nyumba imeezekwa Xbox.

#56 MwanaKirumba
Nipo wakuu, nilikuwa na mambo. Alhamisi ile niliandika 3,200. Hakujibu Ijumaa, hakujibu mpaka leo. Ile kampuni sasa inatumia .co.tz, nimeona lori lao pale Buzuruga, jina langu limeandikwa ubavuni kwa rangi ya chungwa na neno lao la mbele. Nililifuata kwa pikipiki mpaka mzani nikisoma tu ubavu.

Bati niliinunua kwa kikoba cha mama watoto.

#57 Dalali wa Kibada
Lori moja leo, mwakani matano. Wakikua watarudi, na safari hiyo huanzi na 3,200.

#58 Hesabu Kali
Wakikua na .co.tz watakuwa wameshaizoea. 2,400 ilikuwa ndiyo hiyo.

#59 Nipo Muscat
Hata hamjui kama aliyeandika zile imeili ndiye mwenye lori.

#60 Kipara Ngoto
MwanaKirumba, mimi naweka dau: dola 300 na mihogo ya kuchoma. Ni bei ya mwisho, mpaka Ijumaa.

#61 MwanaKirumba
Mihogo mingapi?